Vinasaba vinavyosomwa kwenye barafu ya Antaktiki: ni vya viumbe walio hai au vya waliokwisha kufa?

Mwalimu_Mikindani aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari huku Mikindani, na swali ninalolileta si langu bali ni la mwanafunzi wangu wa kidato cha sita, ambaye wiki iliyopita alinibana mbele ya darasa zima. Tulikuwa kwenye mada ya uainishaji wa viumbe hai, nami kwa kutaka kuwachangamsha nikawasimulia habari za Ziwa Whillans, lililofichika chini ya barafu yenye unene wa meta 800 hivi huko Antaktiki. Mwezi Januari 2013 watafiti wa Marekani waliitoboa barafu hiyo kwa maji ya moto, wakachota maji ya ziwa, na mwaka uliofuata wakatangaza kwamba usomaji wa vinasaba umeonyesha makundi 3,931 ya vijiumbe yanayoweza kuhesabiwa kama spishi. Namba hiyo niliitaja kwa majivuno kidogo, kana kwamba nami nilikuwa nao hemani.

Kijana mmoja ambaye baba yake ni mchuuzi wa samaki akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, changu akilala kwenye barafu wiki nzima, ukimpima vinasaba si vitasema kwamba huyu ni changu? Na changu ameshakufa. Sasa hao wa Antaktiki wanajuaje kwamba hawajapima samaki wa kwenye jokofu?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini jioni nilipokaa kuliwaza swali lile niliona kwamba sina jibu, na vitabu tulivyo navyo shuleni havinisaidii.

Ninaomba basi wenye ujuzi wanieleze mambo mawili. La kwanza ni hilo la changu: vinasaba vinawezaje kuthibitisha uhai mahali ambapo baridi huhifadhi kila kitu? La pili, je, kuna jambo lolote la aina hii ambalo wanafunzi wa pwani ya Mtwara, wasio na barafu wala mashine ya kusomea vinasaba, wanaweza kulijaribu kwa mikono yao?

Binti_Newala alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Newala, kwa sasa ninafanya kazi katika maabara ya vinasaba jijini Dar es Salaam. Mwambie kijana huyo kwamba ana haki. Usomaji wa vinasaba peke yake haumtofautishi kiumbe aliye hai na aliyekufa, na ile namba 3,931, ikisimama yenyewe bila ushahidi mwingine, haithibitishi uhai wa hata kimoja kati ya hivyo vijiumbe.

Ukiufuata utaratibu wenyewe utaona sababu. Mtafiti huchukua maji, udongo au barafu iliyoyeyushwa, akazipasua chembe (seli) zote zilizomo, akatenga vinasaba, kisha kwa njia ya PCR akanakilisha mara mamilioni jeni moja tu, ile ya 16S, yenye herufi zipatazo 1,500. Jeni hiyo huchaguliwa kwa sababu kila bakteria na kila arkea (kijiumbe wa chembe moja anayefanana na bakteria kwa umbo) anayo, maana inahusika na mtambo wa kutengeneza protini ndani ya chembe. Baadhi ya sehemu zake karibu hazibadiliki kabisa, na nyingine hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, kwa hiyo ni kama jina la mtu na jina la babu yake yaliyoandikwa kwenye karatasi moja. Kwa kulinganisha molekuli inayotokana na jeni hiyo, mtafiti Mmarekani Carl Woese alionyesha mwaka 1977 kwamba arkea si bakteria bali ni ukoo wa peke yake. Njia hii ikapendwa mno, kwa kuwa vijiumbe wengi hawakubali kuota katika visahani vya maabara, na aliyetegemea visahani pekee alikuwa akiona sehemu ndogo tu ya wakazi. Lakini angalia, Mwalimu, kwamba hatua ya mwanzo ni kuzipasua chembe, zilizo hai na zilizokufa kwa pamoja, na hata vinasaba vilivyokuwa vimekwisha kumwagika nje huingia humohumo. Mashine husoma herufi. Haiulizi mwenye herufi yuko wapi.

Baridi nayo inazidisha tatizo. Katika udongo wenye joto na unyevu, kama wa huku kwetu, vinasaba vya mfu hukatwakatwa na vimeng'enya na kuliwa na bakteria wengine, lakini kwenye ardhi iliyoganda huweza kukaa muda ambao akili inakataa. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vya miaka milioni 2 kutoka Kap København, kaskazini ya Greenland, wakakuta humo alama za mti wa betula na za mastodoni, yule mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka. Hakuna aliyesema kwamba mastodoni bado wanarandaranda huko. Kwa nini basi, tukikuta vinasaba vya bakteria katika baridi kama hiyo, tukimbilie kusema kwamba bakteria wako hai?

Kwa sababu hiyo watafiti makini hawaishii kwenye orodha ya majina. Kwa Ziwa Whillans, pamoja na kusoma vinasaba, walihesabu chembe kwa hadubini wakapata takriban 130,000 katika kila mililita ya maji, kisha wakafanya jambo lililo la maana zaidi kwa swali la kijana wako: waliyapa maji yale viinilishe vilivyotiwa alama ya mnururisho, wakasubiri, wakapima kama alama ile imeingia ndani ya chembe. Iliingia. Mfu hali, na changu wa kwenye jokofu hata umwekee dagaa mdomoni hatameza. Zipo njia nyingine pia. Ipo rangi maalumu ambayo hupenya tu katika chembe ambazo utando wake umekwisha kupasuka, na ikimulikwa hujifunga kwenye vinasaba hivyo vikashindwa kunakilishwa, kwa hiyo kinachosomwa baadaye ni cha chembe nzima. Wapo wanaosoma RNA, yaani nakala za muda ambazo chembe huzitoa kwenye jeni zake, badala ya vinasaba, kwa kuwa RNA kwa kawaida huharibika upesi zaidi na huonyesha jeni zilizokuwa zikitumika. Na Profesa Don Cowan, ambaye baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Pretoria, yeye na wenzake mwaka 2002 walipima ATP katika udongo wa Mabonde Makavu ya McMurdo huko Antaktiki, wakakuta wingi wa vijiumbe uliozidi sana makadirio ya awali. ATP, kama unavyowafundisha, ni nishati ya chembe inayofanya kazi, wala haidumu muda mrefu pasipo mwenye kuitengeneza.

Wakati mwingine majibu huwa kinyume, na hayo kwangu ndiyo yanayoleta imani. Katika Bonde la University, mojawapo ya mabonde hayohayo ya Antaktiki, kikundi kutoka Kanada kilichapisha mwaka 2016 kwamba katika udongo wake mkavu ulioganda kilikuta chembe chache sana na vinasaba kidogo, lakini vipimo vyao vya shughuli za uhai katika baridi ya mahali hapo havikuonyesha chochote kinachopimika. Majina yalikuwepo, mwenyewe hakuitika. Wangeishia kwenye usomaji wa vinasaba wangeandika habari tamu zaidi, ila isingekuwa ya kweli.

Kusi_na_Kaskazi aliandika:

Maelezo ya dada yetu nimeyafuata, ila naona yanamwamini mno yule aliyechota sampuli. Mimi nimewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika samaki, na najua jinsi mkono mmoja usiooshwa unavyoweza kuharibu shehena nzima. Hao wanaotoboa barafu wana mikono, wana viatu, wana mashine zenye mafuta. Nani anajua kwamba hizo spishi 3,931 hazikupanda ndege pamoja nao?

Binti_Newala alijibu:

Kaka, umegusa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko lile la changu, na nitalieleza kwa tukio lililonipata mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni wa kazi katika maabara moja, nilipewa sampuli 11 za maji ya visima virefu, zote zikiwa na vijiumbe wachache sana. Kwa kufuata kanuni niliongeza kijichupa cha 12 ambacho hakikuwa na sampuli yoyote, ila vitendanishi vilevile na maji safi ya maabara. Hicho huitwa sampuli tupu, na kazi yake ni kubaki kitupu. Baada ya PCR nilipitisha vyote kwenye jeli, kila kijichupa kikiwa na njia yake, ambamo vinasaba vilivyonakilishwa hujionyesha kama mstari, nikazima taa, nikawasha mwanga wa urujuanimno. Kwenye njia ya 12, mahali palipotakiwa kuwa giza, palikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba, ulionyooka sawasawa na mistari ya jirani zake. Nilibaki nimeutazama kwa muda mrefu, glavu zikiwa bado mikononi, kwa kuwa maana yake niliijua: mistari mingine yote 11 nayo haikuaminika tena. Tulibadilisha maji, tukabadilisha pipeti, nikarudia kazi ya siku nne, na mstari ukarudi. Mwishowe tuligundua kwamba uchafu ulikuwa ndani ya kisanduku cha kutengea vinasaba, ambacho tulikifungua kikiwa na lakiri yake kutoka kiwandani.

Nilidhani ni mkosi wangu, kumbe ni jambo linalojulikana. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba visanduku hivyo na vitendanishi vya maabara huja na vinasaba vyao vya bakteria, na kadiri sampuli inavyokuwa na vijiumbe wachache ndivyo uchafu huo unavyoimeza. Ubaya wake ni kwamba bakteria wanaotokea mara nyingi, kwa mfano Ralstonia na Bradyrhizobium, ni wakazi wa kawaida wa maji na udongo, kwa hiyo mtu akiwakuta kwenye orodha ya barafu hashtuki. Huona kama wanafaa kuwepo. Ungekuta kuku kwenye barafu ya Antaktiki ungejua mara moja kwamba umekosea, lakini bakteria wa maji ndani ya maji yaliyoganda anapita bila kuulizwa.

Sasa linganisha maziwa mawili. Huko Vostok, kituo cha Warusi Antaktiki, ambako mwaka 1983 kilipimwa kiwango cha baridi cha nyuzi 89.2 chini ya sifuri, Warusi walilifikia ziwa mwezi Februari 2012 baada ya kutoboa zaidi ya kilometa tatu na nusu za barafu, lakini ili tundu lisizibe walikuwa wamelijaza mafuta ya taa na vimiminika vingine. Mwaka 2013 ilipotangazwa kwamba amepatikana bakteria asiyejulikana, ubishi ulizuka papo hapo, kwa kuwa mafuta nayo yana bakteria wake. Wa Whillans walikuwa wameliona tatizo hilo mapema: maji yao ya kutobolea yalichujwa, yakamulikwa kwa urujuanimno na kupashwa moto mkali, vifaa vikapanguswa kwa haidrojeni peroksaidi, na maji hayo ya kutobolea yenyewe yakachukuliwa sampuli ili yalinganishwe na ya ziwa. Ninaposoma ripoti ya aina hii siku hizi, kitu cha kwanza ninachokitafuta si idadi ya spishi, bali ni kile walichokikuta kwenye sampuli tupu. Nisipokiona, ninaifunga.

Nacheka kidogo ninapokumbuka kwamba kimeng'enya cha PCR kinachotuwezesha kunakilisha vinasaba vya hawa wa baridi kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone huko Marekani, Thermus aquaticus.

Kusi_na_Kaskazi aliandika:

Hapo nimeridhika. Limebaki moja: wanakula nini? Whillans hakuna jua, na hayo mabonde makavu hayana mmea hata mmoja.

Mtafiti_wa_Udongo alijibu:

Naomba nilichukue hilo mimi, kwa kuwa linaonyesha faida ya kusoma vinasaba vyote badala ya jeni moja. Mfano ninaoupenda ulichapishwa mwishoni mwa mwaka 2017 na kikundi cha Australia kilichochukua udongo wa Robinson Ridge na Adams Flat, mashariki mwa Antaktiki. Walisoma vinasaba vyote vya udongo kwa mkupuo, kisha kwa kompyuta wakaunganisha vipande hadi wakapata jenomu 23 (jenomu ni jumla ya vinasaba vya kiumbe mmoja), nyingine zikiwa za makundi mawili ambayo hadi wakati huo yalijulikana kwa vifupisho tu, WPS-2 na AD3. Ndani yake walikuta jeni za vimeng'enya vinavyoshika haidrojeni na monoksidi ya kaboni, gesi ambazo hewani zimo kwa kiasi kidogo mno. Haidrojeni haifiki sehemu moja katika milioni. Ikawa dhana kwamba viumbe hawa wanaishi kwa hewa.

Wangeweza kuishia hapo. Kuwa na jeni, hata hivyo, ni kama kuwa na jembe ukutani. Haimaanishi kwamba umelima. Kwa hiyo waliuweka udongo katika chupa zilizofungwa, wakapima hewa ya ndani siku baada ya siku, na gesi zile zikapungua hadi chini ya kiwango cha hewa ya kawaida. Herufi ziliwaambia wapime nini, na chupa ikawajibu.

Kuna pia Maporomoko ya Damu kwenye barafu ya Taylor, yaliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1911 na Griffith Taylor. Wekundu ule ulidhaniwa kuwa ni mwani, kumbe ni chuma kinachopata kutu kikikutana na hewa. Maji yake ya chumvi yametengwa chini ya barafu kwa muda unaokadiriwa kuzidi miaka milioni moja, na mwaka 2009 Jill Mikucki na wenzake walieleza jinsi vijiumbe vyake vinavyojipatia nishati kwa kutumia chuma na salfeti mahali ambapo hakuna oksijeni.

Asha_wa_Ndanda aliandika:

Ninauliza kwa heshima: kwa nini mazungumzo yote ni ya Antaktiki, wakati tuna barafu yetu juu ya Kibo, meta 5,895, nayo inaisha huku tunaiangalia?

Mtafiti_wa_Udongo alijibu:

Umesema kweli, dada. Ilichapishwa kazi mwaka 2019 kuhusu vijiumbe wa udongo na barafu ya kilele cha Kilimanjaro, iliyosomwa kwa njia hizihizi, na ilionyesha mchanganyiko wa vijiumbe wanaopatikana duniani kote na wengine walioonekana kuwa wa pale tu. Natamani kazi kama hiyo iongozwe na Watanzania kabla barafu haijaisha. Kwa Afrika, nchi iliyojijenga katika utafiti wa Antaktiki ni Afrika Kusini, ambayo ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktiki mwaka 1959.

Mzee_wa_Majaruba aliandika:

Wanangu, nimewasoma tangu jana. Mimi sikusoma Baiolojia zaidi ya darasa la nane la zamani, lakini nimelima chumvi kandokando ya Lindi kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninataka kumwambia Mwalimu kwamba alichokiita uhai wa mahali pagumu kipo mlangoni kwake. Kiangazi kikishika, kusi likiwa linavuma na maji ya jaruba yamekuwa mazito, huwa yanageuka rangi. Kwanza huwa kama maji ya mchele, halafu siku chache kabla chumvi haijaanza kushika chini huwa mekundu hafifu, kama ukwaju uliozimuliwa. Ukichota kwa kiganja na kukiacha kikauke, ngozi inavuta na harufu yake ni kama ya mwani ulioanza kuoza. Wafanyakazi wageni hudhani jaruba limeharibika. Sisi wa zamani tunajua kwamba hiyo ni dalili njema, chumvi imekaribia.

Rangi hiyohiyo nimeiona kwa samaki wa chumvi waliowekwa vibaya wakati wa joto. Huota wekundu mgongoni na wanunuzi huwakataa. Je, ni kitu kimoja?

Binti_Newala alijibu:

Shikamoo Mzee wangu. Ni jamii moja, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Wekundu wa jaruba kwa sehemu kubwa ni arkea wapenda chumvi, wenye rangi inayowakinga na jua kali, wakati mwingine pamoja na mwani mdogo uitwao Dunaliella. Na wekundu wa samaki wa chumvi ni arkea wa jamii hiyohiyo waliosafiri ndani ya chumvi yenyewe, kwa kuwa chumvi ya bahari inaposhika hufungia vitone vya maji ndani yake, nao hubaki humo wakiwa hai.

Na sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyokutana. Huko Antaktiki, katika vilima vya Vestfold, kuna Ziwa Deep, lenye chumvi takriban mara kumi ya ile ya bahari, kiasi kwamba maji yake hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri bila kuganda. Wakazi wake wakuu ni binamu wa hao wa jaruba la Mzee. Mmoja wao, Halorubrum lacusprofundi, alielezwa mwaka 1988, na vinasaba vya ziwa zima viliposomwa ilionekana, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, kwamba aina nne tu za arkea ndizo zinazofanya kiasi cha asilimia 72 ya wakazi wote, na kwamba aina hizo, ingawa ni za jenasi tofauti, zimekuwa zikipeana vipande virefu vya vinasaba karibu bila kubadilika hata herufi. Kwa baridi ile wanakadiriwa kupata vizazi 6 hivi kwa mwaka. Wa Lindi wanaogeuza rangi ya maji kwa siku chache wangewaona ndugu zao hao kuwa wamelala.

Mwalimu_Mikindani aliandika:

Mzee wangu shikamoo, na nyote ninawashukuru. Baada ya kusoma hayo nimefanya jambo dogo. Juzi umeme ulipotulia nilikaa na yule kijana kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, tukafungua hazina ya vinasaba ya Marekani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bila malipo, tukachukua mfuatano wa 16S wa huyo Halorubrum lacusprofundi, tukaubandika kwenye programu yao ya BLAST na kuiamuru itafute wanaofanana naye. Baada ya dakika kadhaa iliteremka orodha ndefu ya majina, kila moja likiwa na asilimia yake ya kufanana na mahali alikopatikana, na kijana akawa anasoma kwa sauti: ziwa la chumvi, shamba la chumvi, chumvi ya kula, samaki wa chumvi. Alipofika kwenye samaki alinitazama akatabasamu.

Sasa tunakusudia kufanya jaribio. Tutaleta maji mekundu ya jaruba, tuyagawe katika chupa mbili za kioo, moja tuichemshe na nyingine tuiache, kisha tuziweke juani na kuangalia ipi itazidi wekundu. Hoja yangu kwa darasa ni kwamba maji ya chupa zote mbili yakipelekwa maabara yanaweza kutoa jina lilelile, lakini ni moja tu ndiyo yenye mwenye jina. Naomba mnisahihishe kabla sijaaibika mara ya pili.

Binti_Newala alijibu:

Mwalimu, jaribio ni zuri, ila yapo matatu ya kurekebisha. Usianze na maji yaliyokwisha kuwa mekundu sana, kwa maana hutaona tofauti; changanya sehemu moja ya maji mekundu na sehemu tisa za maji ya chumvi nzito uliyoyatengeneza. Chakula nacho kinahitajika, na kwa kuwa hawa hustawi kwenye samaki, mchuzi kidogo wa dagaa usiotiwa chochote, uliochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa safi, unatosha, ila uwe kiasi kilekile kwa kila chupa. Midomo ya chupa uifunike kwa kitambaa ili hewa ipite, weka alama ya kina cha maji, na yakipungua ongeza maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa, kwa sababu maji yakikauka utakuwa unapima jua badala ya viumbe.

La tatu ndilo kubwa. Unahitaji chupa ya tatu, isiyotiwa maji ya jaruba kabisa, yaani sampuli yako tupu. Na hapo kuna mtego: chumvi ya bahari utakayoinunua dukani ili utengeneze maji mazito inaweza kuwa na arkea hai ndani ya punje zake, kama nilivyomweleza Mzee. Chemsha maji hayo ya chumvi kabla ya kuyagawa katika chupa zote, la sivyo baada ya wiki tatu chupa tupu nayo itageuka nyekundu, na nitakukaribisha kwenye chama chetu cha walioutazama mstari wa njia ya 12. Mkitaka kuwaona kwa hadubini, tandazeni tone kwa maji ya chumvi ileile, kwa kuwa chembe zao zikiguswa na maji yasiyo na chumvi hupasuka na hamtaona kitu.

Mzee_wa_Majaruba aliandika:

Mwalimu, mwezi huu jaruba langu la mwisho, lile la karibu na mikoko, limeanza kuwa jekundu tangu Jumatatu. Njoo kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa tunaanza kukwangua. Ulete chupa zenye mfuniko wa plastiki, kwa sababu wa bati utaliwa na chumvi kabla hujafika Mikindani, na umlete huyo kijana wa changu nimwone.